Mtani Hapewi Pole

Kituo cha Bi Muhsina, Msambweni
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa Menza, mchunga mbuzi aliyepotea njia akaokota usukani,

Sikusalimu. Mtu wa adabu zako hasalimiwi. Nakuandikia kwa kalamu na karatasi, mambo ya babu zetu, kwa sababu simu yangu imefungiwa kabatini na Bi Muhsina, na ufunguo ameufunga penye ncha ya leso yake. Hapa mgonjwa haingii na simu. Anasema nusu ya maradhi ya siku hizi yanaingilia masikioni. Barua nitampa Kadzo, yule mama wa pikapu anayeleta mlonge na mboga kutoka huko kwenu Matuga kila Jumatatu na Alhamisi. Amekubali kuwa posta yetu mradi tusimtume maneno machafu ya mdomo. Ya karatasi, anasema, yeye hayamhusu.

Sasa sikia adhabu niliyopewa. Siku arubaini. Sukari haramu, mkate haramu, mahamri usiyataje hata jina. Baada ya swala ya alfajiri nakunywa maji ya bamia iliyolowekwa usiku kucha, kitu ambacho hakinywewi bali kinateleza chenyewe. Kisha natembea saa nzima nimevaa raba, maana mgonjwa wa sukari hapa haruhusiwi kukanyaga chini peku. Saa nne uji wa wimbi mkavu. Mchana mboga chungu ya karela, mchicha na samaki wa kuchemsha, na kila tonge nilitafune mara thelathini huku Bi Muhsina amekaa mbele yangu akihesabu. Jioni nafungwa udongo baridi tumboni, nalala hapo kama muhogo unaosubiri mvua. Vidonge vya hospitali hakunikataza. Kila Jumatatu ananipeleka mwenyewe nikapimwe. Anasema yeye si mshindani wa daktari, ni jirani yake.

Nimeingia hapa na sukari kumi na saba. Namba hiyo nilikuficha kwa aibu. Mwaka jana ni mwili huu wangu uliotutoa katika safari ya magari ya zamani, daktari alipokataa kunitilia sahihi, na wewe ukasema haidhuru, hata gari linataka kupumzika. Ulisema hivyo halafu ukaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka magharibi. Nilikuona.

Mwaka huu tunakwenda. Tarehe sita Septemba magari yote yatatoka Diani, mpaka Lodwar na kurudi, kilomita elfu tatu kwa siku nane, na Landrova yetu iwe katikati yao. Miaka ishirini na sita, mimi na wewe tumewaendesha wageni wa mahoteli kwenda walikotaka wao. Mara moja tu kabla sijafa nataka kuendesha gari langu kwenda ninakotaka mimi, na kwa bahati mbaya ni lazima niwe na wewe, maana sheria ya wenye safari ni madereva wawili kwa kila gari. Cheti cha daktari kinatakiwa kabla ya tarehe thelathini Agosti.

Wewe tengeneza gari. Ukiliharibu nitakunadi sokoni Kombani pamoja na mbuzi wako.

Mtani wako,
Mwinyihaji


Matuga
Jumapili, 6 Julai 2025

Kwa Mwinyihaji, aliyezaliwa na kikombe cha chai mkononi,

Barua yako nimewasomea mbuzi. Yule beberu mweusi amesikitika, amesema hata yeye karela halimpiti kooni.

Siku arubaini? Hiyo kwenu si hesabu ya maiti? Nimemuuliza Ziro fundi, akasema labda umekufa na familia inatuficha ili tusije kula pilau. Kama umekufa niambie mapema, nitafute dereva mwenye tumbo dogo.

Gari linaendelea. Breki zote nimezifumua, springi za nyuma nimezibadilisha, na bomba la maji lililokuwa linavuja tangu gari lilipokuwa mali ya ile hoteli ya Galu, leo halivuji. Nashinda chini yake tangu asubuhi. Ziro anasema mtu wa miaka sitini na moja hafai kulala sakafuni kutwa. Nimemwambia mwenzangu amelala kitandani kwa wawili.

Mwanangu Caroline alipiga simu kutoka Voi, ualimu unamchosha. Ameuliza kama wewe baba yake mdogo unafuata dawa. Nimemwambia baba mdogo anafuata majani.

Nami naapa kwa mbuzi wangu wote sita: nitakutoa humo kabla ya arubaini kutimia. Kwa hila, si kwa nguvu. Siku utakapotoka mbio nitakuchinjia kuku.

Menza


Matuga
Jumatano, 16 Julai 2025

Mwinyihaji,

Hakuna mzaha leo. Gari limeungua. Ziro alikuwa anachomelea bomba la moshi, cheche zikaingia kwenye tangi. Limebaki chuma. Mimi mzima ila mikono. Njoo kama unaweza.

Menza


Msambweni
Jumatatu, 21 Julai 2025

Kwa Menza, mwongo ambaye hata shetani anamwekea daftari la mahudhurio,

Nimerudi kwenye karela langu nikiwa na kuku wako tumboni, na nakiri alipikwa vizuri. Lakini nataka ujue ulichonifanyia. Barua ile nilipewa saa tano asubuhi. Niliondoka na ndala, bila kofia, bila kuaga, na juu ya bodaboda mpaka barabara kuu nilikuwa namwomba Mungu anipe moyo wa kukufariji. Nilikuwa nimeshatunga maneno. Nafika uani kwako nalikuta gari linang'aa, wewe umelala chini yake, na sufuria jikoni inachemka. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Sijacheka vile tangu mwaka jana, na hilo pekee nakushukuru.

Ijumaa niliporudi, Bi Muhsina alikuwa mlangoni. Hakugomba. Alisema tu, "Mwinyihaji, hesabu inaanza moja." Siku kumi na tisa zangu zimekwenda na maji. Sasa arubaini yangu itatimia tarehe ishirini na sita Agosti, siku nne tu kabla ya mwisho wa vyeti. Na akasema nikitoka tena bila ruhusa, kitanda changu atapewa mwingine, kwa sababu mwili hauponi kwa mtu anayekuja na kwenda. Daktari naye anataka sukari iliyotulia wiki nne mfululizo ndipo atie sahihi. Kwa hivyo ukinitoa tena, safari imekufa na muuaji ni wewe.

Bi Muhsina aliona barua yako ya kwanza mezani. Akaniuliza kwa upole, "Huyu adui yako anakaa wapi?" Nikamweleza kwamba ukoo wako na ukoo wangu ni watani tangu babu wa babu zetu, na kwamba wewe ndiye mtu ninayempenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Yeye mama yake ni mtu wa Lamu, hakuelewa. Akauliza: mwenzako akiugua je, humpi pole? Nikamwambia mtani hapewi pole. Ukimpa pole akiwa hai, umemzika. Alitikisa kichwa akaniongezea bamia.

Nakutahadharisha basi. Kuanzia leo, hata uniandikie kwamba kichwa chako kimekatika na unakibeba kwapani, sitoki.

Mtani wako,
Mwinyihaji


Matuga
Jumapili, 10 Agosti 2025

Kwa Mwinyihaji, mla majani,

Mwandiko huu usiucheke. Mkono wa kulia ulilala jana asubuhi. Niliuamsha kwa maneno yote ninayoyajua, yakiwemo uliyonifunza wewe, haukusikia. Kikombe kilinitoka kikavunjika. Baada ya saa moja ukaamka wenyewe kama haukufanya kitu, na leo umelala tena, na mdomo nao umekwenda upande. Ziro ameniuliza kama nimelewa. Nimemwambia ndiyo.

Najua ulivyoapa, na kuku tulimla wote, sina la kubisha. Lakini Jumatano njoo unipeleke hospitali. Ziro sitaki ajue, akijua yeye soko zima la Kombani litajua, na wenye safari watanifuta jina. Caroline hata likizo hii ana mitihani ya wanafunzi wake. Na wodi ile ndiyo aliyofia mama yake, nikienda peke yangu miguu inakataa kuvuka mlango. Saa mbili nitakuwa nimeshaoga. Tafadhali.

Gari liko tayari. Asubuhi limewaka kwa stati ya kwanza.

Menza


Msambweni
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kwa Menza, ambaye hata uongo wake una kutu,

Kadzo ananisubiri nje, kwa hivyo nakutukana kwa haraka. Mkono umelala? Uimbie. Mdomo umekwenda upande? Umechoka kubeba uongo wa miaka sitini na moja, umeamua kuhama. Mwandiko lakini nakupa heshima yako, umeuigiza vizuri sana, lazima uliandikia kwa mguu. Na kumtia marehemu ndani ya hila yako ni kukosa haya, hata kwa Mduruma. Ukifa Jumatano nitakuzika kwenye gunia la mkaa na hitima nitaisoma kwa wali mkavu.

Sasa sikia habari za watu wazima. Leo nimepimwa: sita nukta nne. Daktari alinishika bega akasema, "Mzee, wiki mbili hivi hivi, nakutilia sahihi." Nimepungua kilo kumi na moja. Asubuhi natembea mpaka ninawapita vijana. Zimebaki siku kumi na tano, na Menza, sijawahi kuhisi mwili huu ni wangu kama ninavyohisi sasa.

Kunywa maji ya tangawizi, punguza chumvi, lala mapema. Sitoki.

Mtani wako,
Mwinyihaji


Matuga
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Baba mdogo Mwinyihaji,

Shikamoo. Nimelelewa kusalimu kwanza, kwa hivyo nimesalimu.

Baba alipata kiharusi Jumatano asubuhi. Upande wa kulia wote haufanyi kazi. Maneno yanamtoka mojamoja, mengine hayatoki. Nilikuwa darasani Voi Ziro aliponipigia. Anasema siku ile Baba alioga mapema, akavaa shati lake la kanisani, akaketi barazani kuanzia saa mbili akitazama njia. Hakusema anamngoja nani. Saa nne akainuka, akaingia kwenye gari, akaliwasha. Ziro alipoona gari linanguruma muda mrefu na haliondoki alikwenda kuangalia, akamkuta ameuegemea mlango. Hakuwa ametoka hata uani.

Daktari aliniuliza kama kulikuwa na dalili siku zilizotangulia. Nikasema sijui. Akasema mara nyingi ugonjwa huu hupiga hodi kabla ya kuingia, na anayewahiwa kwenye hodi husaidika. Jioni nilipokuwa nakunja nguo zake nikaikuta barua yako mfukoni mwa shati. Ndipo nilipojua kwamba hodi ilipigwa, na ni nani aliyeisikia.

Utani naujua. Mama alipozikwa ulishuka kaburini ukalala chali, ukakataa kutoka mpaka upewe soda baridi, na watu wakacheka, na mimi nilicheka nikiwa na machozi. Mpaka leo nakushukuru kwa kicheko kile. Kwa hivyo sikulaumu kwa matusi. Nakulaumu kwa sababu kutoka Msambweni mpaka Matuga ni mwendo wa saa moja na nusu, na ungaliweza kuja kumtukania hapa.

Tafadhali usije kwanza, na usipige simu. Akitaka kukuona nitakuandikia.

Caroline


Msambweni
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Ndugu yangu Menza,

Pole. Pole sana, ndugu yangu.

Caroline atakusomea hii. Kadzo alipoiacha barua yake, Bi Muhsina aliniona uso tu, akaniletea simu yangu na viatu, akasema nenda, kitanda chako kitakungoja. Nikamwambia nimekatazwa kuja. Akaketi nami ukumbini. Uji ulipoa na hakuna aliyeniambia niunywe.

Bi Muhsina nimemwambia kwamba nilidhani ni hila, kama ile ya gari kuungua. Na ndivyo ilivyo rahisi kusema, kila mtu atanielewa, pengine hata Caroline siku moja. Lakini wewe sitakudanganya, tumedanganyana vya kutosha kwa mchezo.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafika kwenye neno lako moja nikasimama. Miaka thelathini hujawahi kuniambia tafadhali. Hata siku ile karibu na Kinango jeki ilipoteleza gari likakubana mguu, ulinitukana mimi na ukoo wangu mpaka nikaliinua. Mara ya tatu nikauangalia mwandiko, nikaona herufi zinavyoshuka nje ya mstari. Nikajua. Nakwambia nilijua, Menza.

Kisha nikakumbuka sita nukta nne. Nikakumbuka mkono wa daktari begani, na siku kumi na tano, na kwamba nikitoka mlangoni mara hii hesabu haitaanza tena. Nikasema, "Anatania huyu." Nilisema kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, ili nijisikie. Ndipo nikashika kalamu nikakuandikia yale ya gunia la mkaa. Utani haukunidanganya. Nilijificha nyuma yake.

Nisamehe, ndugu yangu. Sina neno jingine.

Mwinyihaji


Matuga
Jumapili, 24 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo.

Baba alitolewa hospitalini Ijumaa. Daktari anasema apelekwe mazoezi ya mkono na mguu kila Jumanne, miezi sita isiyopungua, na huenda akapata nusu ya alichopoteza.

Barua yako nilimsomea jana. Nilifikiri itamfurahisha, ndiyo maana sikuificha. Alipokuwa amelazwa alikuwa anakula uji vizuri, na alikuwa ameanza kusema "mbuzi" na "funga". Nilipofika kwenye pole ya kwanza alifumba macho. Nikaendelea mpaka mwisho, pamoja na yale uliyokiri. Hayo hayakumshtua. Ni kama alikuwa anasubiri nimalize. Akageuza uso ukutani, na uji wa jioni hakuugusa.

Leo asubuhi ameniita. Ilimchukua muda, na jasho lilimtoka, lakini nilisikia vizuri. Alisema, "Amenizika."

Nilikuwa na hasira na wewe, Baba mdogo, na bado ninayo kidogo. Lakini nimeona kwamba watu wote wanaoingia humu sasa wanamwinamia na kumsemesha kwa sauti ndogo. Mchungaji, majirani, hata Ziro amekuwa mpole mpaka anachukiza. Ni wewe peke yako Baba aliyetegemea kwamba hutafanya hivyo. Njoo. Njoo umtukane, tena umtukane sana.

Caroline


Mwabungo
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mwanangu Caroline,

Marahaba, na ahsante kwa chai isiyo na sukari siku ile nilipokuja kwenu. Hukuniuliza, uliitengeneza tu.

Nataka kukueleza yaliyotokea Alhamisi ile ulipotuacha ukaenda kisimani, kwa sababu uliporudi ulitukuta kimya ukaniangalia. Nilikuja nikiwa nimejiandaa. Njia nzima kutoka Msambweni nilikuwa natunga matusi, na mengine yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimwambie amepata kisingizio alichokuwa anakitafuta cha kutochunga mbuzi. Nilikuwa nimwambie mdomo wake uliopinda umenyooka kuliko maneno yake. Nikaingia, nikamwona amekaa kwenye kiti, mkono umewekwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine, naye ananitazama kwa jicho lile la "haya, anza". Akaningoja. Nikafungua kinywa, nikamwuliza kama amelala vizuri.

Akanitazama kidogo, akafumba macho. Ndivyo ulivyotukuta.

Tangu hapo nimejaribu mara tatu kumwandikia, na mara tatu nimechana. Matusi yapo, mwanangu, sikuyasahau. Lakini utani ni wa watu waliosimama sawa. Mimi nikimtukana sasa nitakuwa natukana kweli, mtu mzima wa afya anamcheka mgonjwa aliyemponza yeye mwenyewe. Babu zetu walituachia kitu kimoja kizuri, ruhusa ya kusema lolote na lisimuumize mwenzako, na mimi nimeitumia siku moja kumkimbia. Sijui kama inarudishwa.

Cheti nilipewa. Arubaini ilitimia, sukari tano nukta tisa, daktari akatia sahihi na kugonga mhuri, akaniambia nina mwili wa mtu wa miaka arubaini na mitano. Wenye safari walinipigia kusema niende na Ziro, wataandika jina lake mahali pa baba yako. Sitakudanganya, nililala nalo jambo hilo siku mbili kabla ya kukataa. Jana asubuhi nilikwenda kusimama kando ya barabara ya Diani kuyaangalia magari yakitoka. Yalikuwa ishirini na mawili. Watu walipiga makofi. Yalipokwisha kupita nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Mwabungo, na sikuchoka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniliza.

Ninachoomba ni hiki. Wewe lazima urudi Voi, watoto wa watu wanakungoja. Niachie hizo Jumanne. Nitakuja Matuga asubuhi na mapema, nimpeleke mazoezi kwa Landrova, nimrudishe, nimpikie. Bi Muhsina amekwenda kuongea na yule mtaalamu wa mazoezi, na amenifundisha namna ya kukanda mkono bila kuuvuruga. Sitamsemesha kwa sauti ndogo, hilo nakuahidi. Lakini matusi mwambie siwezi kuyaanza. Mwambie aanze yeye, siku akiwa tayari, nami nitamjibu.

Baba yako mdogo,
Mwinyihaji


Matuga
Oktoba 12

Mwinyihaji

Huu mkono wa kushoto. Barua hii siku nne naiandika. Caroline hajui.

Barua yako ya gunia niliisoma Jumatatu ile jioni. Nilicheka sana. Nilijua unatania. Nikasema huyu anakuja, hawezi kuandika hivi kama haji. Nikaoga. Nikakaa barazani. Kila pikipiki nilisema ni wewe.

Saa nne ndipo nikajua.

Sijakusamehe. Nikiweza nitakwambia.

Jumanne uje tena. Unaendesha kama bibi harusi, tulichelewa mara mbili. Na umekonda vibaya, masikio ndiyo yamebaki.

Menza